Ng'ombe Wanne wa Rugu

Juma lililopita binti wa jirani yangu hapa Ihanda alikuja kuniomba nimsaidie kujaza fomu ya mkopo wa chuo kikuu. Watu wa hapa wanajua kwamba nilikuwa karani, basi karatasi yoyote yenye mhuri huletwa kwangu, hata ile ya chanjo ya mbwa. Nikavaa miwani, tukaanza. Tulipofika mahali panapouliza hali ya mzazi, ana nini na hana nini, kalamu ikanigandia mkononi. Binti akadhani nimesinzia.

"Babu, andika tu baba ni mkulima," akasema. Kisha akaichukua karatasi yake, akaaga, akapanda bodaboda.

Alikuwa na haraka. Mimi sikuwa na la kufanya mpaka jioni, kama kawaida yangu. Yale ambayo ningemwambia nayaandika hapa, kwa ajili yake na ninyi wenzake mnaohangaikia nafasi za vyuo. Tena nawaandikia hasa wale wenu ambao siku moja mtakaa upande wa pili wa meza, upande wa kuuliza maswali. Huko ndiko nilikokaa mimi.

Naitwa Novati. Nilizaliwa upande wa Muleba, nikaletwa Karagwe nikiwa kijana, vita kuu ya pili imekwisha na askari wamerudi na makoti yao marefu. Niliajiriwa ukarani katika ofisi ya baraza la wenyeji. Wakati ule nchi yetu haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kijana aliyemaliza masomo ya juu kule Tabora akafaulu mtihani wa kuingia chuo, alikwenda Kampala. Lakini kukubaliwa chuoni kulikuwa jambo moja, na karo ilikuwa jambo lingine kabisa. Baraza lilikuwa na fungu dogo la kumlipia kijana mmoja, na mwaka ambao kahawa imekubali, wawili. Chuo kiliandika barua: njoo siku fulani, usipoonekana tunampa mwingine nafasi yako. Basi katikati ya barua ile na siku ile, ndipo nilipokuwa nikitokea mimi na baiskeli yangu.

Kazi yangu ilikuwa kwenda nyumbani kwa kijana, kuangalia kama mzazi anaweza kulipa, na kuandika nilichokiona. Kisha siku ya baraza, fomu ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, mzazi akiwa amesimama katikati. Desturi hiyo niliikuta. Walisema ni kwa ajili ya haki, jirani apate kupinga kama kuna uongo. Sikuwahi kuifikiria zaidi ya hapo, na hilo ndilo kosa la kwanza la mtu wa ofisini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa karani mkuu, Mzee Rwegasira, mtu mwembamba aliyekunywa chai bila sukari na kuwashangaa wanaotia. Alinipa somo langu lote siku moja, mimi nikiwa nimeshika baiskeli tayari kuondoka.

"Usimuulize mtu ana ng'ombe wangapi," akaniambia. "Mnyambo wa huku hahesabu ng'ombe wake mbele ya mgeni, anaogopa kuwatia mkosi. Ukimuuliza atakudanganya, na hatakuwa na kosa. Wewe angalia."

"Niangalie nini, mzee?"

"Angalia jikoni. Angalia miguu ya watoto. Angalia nani anaondoka kwenda kuazima chumvi. Na ukitembezwa kibanjani, ujue unatembezwa na mtu anayejua njia kuliko wewe."

Hilo la mwisho nililicheka. Mwezi haukwisha, mzee mmoja akanitembeza kibanjani kwake asubuhi nzima, migomba na mibuni, mibuni na migomba, mpaka soli ikaachana na kiatu. Nikaandika kwamba ana mibuni mingi ajabu. Siku ya baraza watu walicheka mpaka mtwale, yule mkubwa wetu wa tarafa, akafuta machozi. Mzee yule alikuwa na kibanja kidogo, akanizungusha humo mara tatu kwa njia tofauti. Tangu siku hiyo nilibeba ukambaa wa mgomba mfukoni. Mbuni wa kwanza ninaoupita, naufunga ukambaa kwa siri. Nikiuona tena, najua tumeanza kuzunguka.

Mwingine alikuwa wa Kituntu. Huyu alikuwa nacho, kila mtu alijua, lakini alitaka mwanawe alipiwe na baraza. Nikamkuta amevaa kaniki iliyotoboka, amekaa juu ya kinu, anakohoa. Ng'ombe amewahamishia kwa shemeji yake. Mkewe akaniletea ndizi zilizochemshwa bila hata chumvi. Nikawa naanza kumwonea huruma, ndipo mtoto wao mdogo akaja mbio kutoka nyuma ya nyumba akilia: "Tata, maziwa ya leo tunayafuata kwa mjomba tena?" Yule bwana alipona kikohozi papo hapo.

Nikajifunza kwamba wenye nacho huficha. Kwamba wasio nacho wanaweza kuazima, hilo nilikuja kulijua baadaye.

Lakini hamtaelewa yaliyotokea Rugu nisipowaambia nilivyokuwa nikiishi. Nilikuwa na chumba kimoja nyuma ya ofisi. Sikuwa na mke bado. Kihaya changu cha Muleba kiliwachekesha wenyeji, nao Kinyambo chao kilinipita kasi. Hayo yangeisha. Tatizo lilikuwa kazi. Nikitokea mahali watu wanakunywa rubisi ya ndizi, mazungumzo yaligeuka yakawa ya mvua. Nyumba yenye kijana shuleni ilinikaribisha kwa hofu, na isiyo na kijana shuleni haikuwa na haja nami. Jumapili nilipiga pasi shati, nikaenda misani, nikarudi, nikalivua. Watoto, wanawake, wazee, wote waliniita Karani. Kuna mwezi mmoja nilikaa nikajiuliza kama kuna mtu yeyote kutoka mtoni mpaka Kyerwa anayejua jina langu, na sikumpata. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, mpweke wa kuzungumza na baiskeli.

Ndipo ikaja fomu ya Erasto wa Rugu.

Erasto alikuwa mtoto wa Mzee Kamuhabwa, mkulima wa Kilutheri. Alikuwa amesoma kwa msaada wa huyu na yule mpaka Tabora, na sasa Kampala wamemkubali. Alitaka kuwa daktari. Hakukuwa na kijana mwingine mwaka ule aliyekubaliwa, kwa hiyo fungu la baraza lilikuwa linamngoja yeye, mradi mimi niandike kwamba baba yake hawezi. Lilikuwa jambo jepesi kuliko yote niliyowahi kutumwa.

Nilifika saa sita mchana. Uwanja umefagiwa. Ndani ya nyumba sakafu imetandikwa nyasi mbichi, zilizokatwa asubuhi ileile, zinanukia. Mzee Kamuhabwa akanipokea kwa mikono miwili, akanipa akamwani nitafune, zile buni zilizochemshwa ambazo hapewi mtu wa kupita tu. Kisha akanitazama.

"Karani, wewe jina lako nani?"

Nikashtuka. "Novati, tata."

"Novati. Wazazi wako wapo?"

"Mama yupo. Baba alifariki."

"Basi Novati mwanangu, leo umefika kwa baba yako. Kaa."

Mnicheke mkitaka. Nilijifanya akamwani imenikwama, nikageuka pembeni. Tangu nifike Karagwe hakuna aliyeniuliza kuhusu mama yangu.

Walichinja mbuzi. Mama yake Erasto akaleta ndizi zilizoiva vizuri, na nyama, na maziwa. Tulikula, tukacheka, mzee akanifundisha namna Wanyambo wanavyoamkiana, nikakosea, akanirekebisha. Mbele ya nyumba walifungwa ng'ombe wanne wa pembe ndefu, na Mzee Kamuhabwa kila baada ya muda aliwatupia jicho na kunyamaza, kwa namna ya mtu asiyependa kujisifu.

Nilikula nikiwa na furaha hata nikasahau masomo ya Mzee Rwegasira. Sikuangalia jikoni. Sikuangalia miguu ya mtu. Ni jua lilipoanza kuinama ndipo ng'ombe wale waliponisaidia. Kamba ya mmoja ililegea, akajinasua. Akatoka uwanjani bila haraka, akashika njia ya rweya, ule uwanda wa majani, na kuanza kuupanda mlima wa pili kuelekea kwa jirani. Hakusita hata mahali njia inapogawanyika. Wale watatu wakavuta kamba na kuanza kulia, vichwa vyote vimeelekea kulekule. Ng'ombe jioni anajua kwao.

Mzee Kamuhabwa hakugeuka kutazama. Aliendelea kunisimulia habari za harusi ya dada yake. Nami nikaendelea kuuliza habari za bibi harusi, utadhani nimemjua maisha yangu yote.

Mtauliza, mtu anayeomba kulipiwa anaazima ng'ombe kwa nini? Nami nilijiuliza hivyo njia nzima. Kwanza, mgeni ni mgeni, hata akija na fomu, na nyumba ya Mnyambo haimwonyeshi mgeni njaa. Pili, mzee aliamini kwamba wakubwa hawampi kitu mtoto wa mtu asiye mtu. Ili baraza limheshimu mwanawe, alifikiri, lazima kwanza limheshimu yeye. Nimewaona wengi waliofikiri hivyo, na siwezi kusema walikosea sana kuhusu wakubwa.

Erasto alinisindikiza. Tulipovuka mto akasimama.

"Bwana Karani, ng'ombe wale si wetu. Hata mbuzi tumemkopa."

"Nimeona."

"Tafadhali andika hivyo. Sina njia nyingine. Siku ya kufungua chuo nisipokuwapo, nafasi imekwenda." Akatazama nyuma kule nyumbani. "Ila baba asijue kwamba nimekuambia."

"Nitaandika kweli," nikasema. "Nenda kafunge mizigo yako."

Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Nilipanda baiskeli nikiwa mwepesi. Nilikuwa na nyumba sasa, mahali ninapoitwa jina langu.

Asubuhi yake nilikaa mezani na fomu. Nikachovya kalamu. Nikaandika jina la mzazi, kijiji, idadi ya watoto. Nikafika penye mali. Hapo ndipo nilipomwona Mzee Kamuhabwa amesimama katikati ya baraza, na mtu anasoma kwa sauti kwamba ng'ombe aliokuwa nao ni wa kuazima, hana hata mbuzi. Niliwaona wale wanywaji wa rubisi wakigeukiana. Nikaona pia, na hili sikulisema kwa mtu kwa miaka mingi, kwamba baada ya hapo sitaitwa tena kwenda kula Rugu.

Wino ukakauka kalamuni. Nikachovya tena. Nikaandika: "Mzazi ana ng'ombe wanne. Anaweza kulipa nusu."

Nusu! Nilidhani nimekuwa mwerevu. Mzee ataheshimika, na Erasto atapata nusu, hiyo nyingine itatafutwa. Makarani tunapenda sana nusu. Lakini kwa mtu asiye na kitu, nusu na nzima ni mlima uleule.

Siku ya baraza fomu ilisomwa. Ilipofika "ng'ombe wanne" watu wakaguna kwa heshima. Jirani mwenye ng'ombe alikuwapo, akatazama chini, hakupinga. Mtwale akauliza: "Kamuhabwa, nusu utaiweza?"

Mzee akajinyoosha. "Nitaiweza."

Erasto alikuwa amesimama nyuma, karibu na ukuta. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi, na mimi nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Tulipotoka nje Mzee Kamuhabwa akanifuata, akanishika bega. "Novati mwanangu, umenistiri. Jumapili njoo ule."

Nikasema nitakuja.

Aliuza kahawa yake ingali maua kwenye matawi, biashara ya hasara ambayo watu wa huku wanaijua. Haikufika. Akaenda kwa ndugu, kwa wazee wa kanisa. Haikufika. Siku lori lilipoondoka kwenda Bukoba, mahali ambapo Erasto angeanzia safari ya Kampala, nilikuwa nimesimama dirishani ofisini. Lilikuwa na magunia na wanawake wawili na kuku. Likapita.

Jumapili ile sikwenda Rugu. Wala iliyofuata. Nilisema pancha, nilisema homa, nilisema kazi nyingi. Nyumba ile niliyovunja ahadi ili nisiikose, sikuingia tena maisha yangu yote.

Mwaka uliofuata nilipata fomu nyingine ya kwenda mashambani. Nikajikaza, nikamwendea Mzee Rwegasira. Nikamwambia, nikihesabu vidole vya miguu yangu, kwamba labda ingefaa fomu zisisomwe mbele ya watu, zisomwe na wazee watatu tu chumbani.

Mzee Rwegasira akapuliza chai yake. "Hilo tu? Nitamwambia mtwale leo. Mbona hukusema mwaka jana?"

Jioni ileile mtwale akakubali. Haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani na viatu miguuni. Ningeuliza tu. Ningesema sentensi ile moja mwaka mmoja kabla, Mzee Kamuhabwa angebaki na heshima yake na Erasto angekuwa Kampala. Sikuuliza kwa sababu niliikuta desturi, na mtu anayeikuta desturi hudhani imejengwa kwa mawe.

Tangu hapo nilikuwa karani mzuri, nawahakikishia. Nilikwenda bila kutoa taarifa, nikala walichonacho, nikaandika walichokosa. Vijana kadhaa walikwenda Kampala kwa mkono wangu. Mmoja aliwahi kunipita barabarani kwenye gari, akapiga honi.

Na Mzee Kamuhabwa hakunisahau. Kila mwaka mvua za vuli zilipoleta senene, alinitumia furushi la senene waliokaangwa, limefungwa kwenye jani la mgomba. Aliyelileta, awe mtu wa sokoni au mwalimu wa kanisa, alisema maneno yaleyale: "Hili ni la Novati." Nilikula peke yangu ofisini, mlango nimeufunga. Sijui kama mzee alijua. Wakati mwingine naamini hakujua lolote, wakati mwingine naamini alijua yote, na sijui lipi linaniuma zaidi.

Nilioa baadaye, mke akatangulia, watoto wako Mwanza na mbali zaidi, wanapiga simu. Nilistaafu, nikajenga hapa Ihanda badala ya kurudi Muleba ambako hakuna aliyebaki. Na mwaka ule Mzee Kamuhabwa alipofariki, nilisikia siku tatu baada ya maziko. Nikajua senene wamekwisha.

Hawakwisha. Mvua zilipokuja, asubuhi moja mtu mwenye mvi alisimamisha baiskeli uwanjani kwangu. Viganja vya mkulima, mgongo umeanza kupinda. Nilimtambua kwa macho, kwa sababu yalikuwa yamenitazama vile mara moja, kutoka ukutani.

"Shikamoo, Karani," akasema.

"Marahaba, Erasto. Karibu ndani. Karibu ukae."

Akafungua kamba ya kapu, akatoa furushi la jani la mgomba, akaniwekea mkononi. Lilikuwa bado na joto.

"Baba alisema wasikatike," akasema. "Nami nimeleta."

Nilitaka kusema. Nilikuwa nimeyatunza maneno yale zaidi ya nusu ya umri wangu, nimeyapanga na kuyapangua. Midomo ikafunguka, lakini yeye alikuwa ameshageuza baiskeli.

"Kaa basi hata unywe maji," nikasema.

"Nashukuru, Karani. Nilitumwa tu."

Akaenda. Nilisimama na furushi mpaka likapoa.

Amekuja kila mwaka tangu hapo. Hajawahi kukaa. Mwaka huu mvua zimeanza na bado hajafika, nami nimeweka kiti nje, karibu na njia, na sasa maneno yangu nimeyaandika kwenye karatasi, hizi mnazozisoma, nimpe azisome mwenyewe hata akiwa amesimama.

Na ninyi, mkipita Ihanda na fomu zenu, ingieni. Nitawajazia bila malipo, kwa mwandiko mzuri. Ila msiniite Karani.